Kabla ya Kulinunua, Iulize Namba Yake

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Usemi huu ni wa kweli, ila una sharti moja: anayedaiwa lazima ajue kwamba anadaiwa. Wenye magari wengi katika miji yetu hutembea na deni miezi na miezi bila habari, mpaka siku moja trafiki anawasimamisha, anabonyeza kimashine chake, na kuwaambia, "Ndugu, gari hili linadaiwa." Hapo ubishi huanza. Mwenye gari anaapa kwamba hajawahi kupita huko anakotajiwa. Abiria wanaguna. Safari imelala.

Wiki hii, ndugu msikilizaji, tulizungumzie jambo hilo: mwananchi wa kawaida atajuaje faini za barabarani zilizoandikwa juu ya gari lake au leseni yake kabla hajaambiwa na askari? Na kwa nini ajisumbue kujua?

Tuanze na historia fupi. Zamani faini iliandikwa kwa mkono katika kitabu cha stakabadhi, na kumbukumbu zake zilibaki pale pale zilipoandikwa. Dereva aliyekosa Morogoro alifika Mbeya akiwa msafi kama mtoto mchanga. Mambo yalibadilika katika miaka ya 2010, Jeshi la Polisi Tanzania lilipoanza kutumia mashine za mkononi. Siku hizi askari anaingiza namba ya gari, namba ya leseni, mahali na kosa lenyewe, na habari hizo zinakwenda katika kumbukumbu moja. Trafiki wa Kibaha anaiona faini iliyoandikwa Dodoma. Karatasi inaweza kupotea kwenye droo ya gari, lakini kumbukumbu haipotei.

Jema lililopo ni kwamba kumbukumbu hiyo haikufungiwa kituoni. Polisi wameweka ukurasa katika intaneti, kwa anuani ya tms.tpf.go.tz, na yeyote mwenye simu ya kisasa anaweza kuufungua. Hapo utachagua njia mojawapo kati ya tatu: kutafuta kwa namba ya gari, kwa namba ya leseni ya udereva, au kwa namba ya kumbukumbu iliyo kwenye karatasi ya faini. Namba ya gari iandikwe kwa kawaida bila kuacha nafasi, herufi na tarakimu zikifuatana kama zilivyo kwenye kibao. Kama kuna deni utaonyeshwa tarehe, mahali, kosa, kiasi cha faini, nyongeza kama muda wa kulipa umepita, na kama faini hiyo imekwisha kulipwa au bado. Kama hakuna, utaambiwa hakuna. Asiye na simu ya namna hiyo asione haya kumwomba kijana wa jirani, au aende katika ofisi ya trafiki na namba zake mkononi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi huteleza. Namba ya gari na namba ya leseni ni vitu viwili, na kila kimoja kina hadithi yake. Namba ya gari husimulia mwendo wa gari, awe ameliendesha nani. Namba ya leseni husimulia mwendo wa mtu, awe ameendesha gari la nani. Aliyepigwa tochi akienda kasi kupita kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi, akatoa leseni yake, ameacha alama mahali pote pawili. Lakini kosa likiandikwa bila leseni kuonekana, kwa mfano gari limeegeshwa vibaya na mwenyewe hayupo, linabaki juu ya gari peke yake. Kwa hiyo usitafute kwa namba moja ukajiona umemaliza. Tafuta kwa zote mbili.

Nani anahitaji kujua haya? Wa kwanza ni mnunuzi wa gari lililotumika. Gari likiuzwa kutoka mkono hadi mkono, namba yake huenda nalo, na faini zilizo juu ya namba huenda nalo pia. Dalali atakusifia injini, rangi na matairi. Hatakusifia faini tano ambazo hazijalipwa. Kwa miaka mingi faini ya kosa moja kwa gari ilikuwa shilingi 30,000. Kwa kiwango hicho makosa matano ni shilingi 150,000 kabla ya nyongeza yoyote, na trafiki atakayekusimamisha hatamtafuta aliyekuuzia. Atakudai wewe uliyeshika usukani. Dakika mbili za kutazama namba kabla ya kutoa fedha zingekuokoa, au zingekupa sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Andikeni katika mkataba wa mauziano kwamba madeni yote hadi siku ile ni ya muuzaji. Kisha fanyeni haraka kubadili umiliki TRA, kwa sababu muuzaji naye ana hatari yake: maadamu kadi ina jina lake, makosa ya mnunuzi yatamtafuta yeye.

Wa pili ni dereva wa kuajiriwa. Huyu ndiye ananihuzunisha kuliko wote. Gari moja la biashara linaweza kupita mikononi mwa madereva watatu kwa mwaka. Mwisho wa mwezi tajiri anatoa orodha ya faini na kumkata aliyepo, iwe alikosa yeye au aliyemtangulia. Dereva hana la kusema kwa sababu hana ushahidi. Lakini ushahidi upo: kila faini ina tarehe na mahali. Dereva mwenye busara, siku anapokabidhiwa gari, hutazama deni lake mbele ya tajiri, wakaliandika na kutia sahihi wote wawili. Siku anapolirudisha hufanya hivyo hivyo. Hapo kila mtu atabeba mzigo wake, na watoto wa mtu hawatalala njaa kwa kosa la mwingine.

Wa tatu ni tajiri mwenyewe. Kabla ya kumkabidhi mtu basi lenye roho za watu, mwombe namba ya leseni, umtazame mwendo wake. Mtu mwenye faini moja ya taa iliyoungua si mbaya. Lakini mwenye faini sita, zote za mwendo kasi, huyo amekwisha kujieleza. Tazama pia daraja la leseni yake. Daraja D haimruhusu mtu kubeba abiria kwa biashara, hata awe fundi wa usukani namna gani.

Vijana wa bodaboda na bajaji nao wasijitoe. Pikipiki ina namba kama gari. Mwaka 2021 serikali ilipunguza faini yao kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, lakini faini ndogo zilizolundikana ni deni kubwa kwa mtu anayepeleka hesabu kila jioni.

Basi umetazama, na umekuta unadaiwa. Ufanye nini? Kama kosa ni lako, lipa mapema kabla nyongeza haijaingia. Lipa kwa kutumia namba ya malipo ya serikali, ile ambayo wengi wanaiita kontroli namba, kwa simu, kwa wakala au benki. Usimpe mtu fedha taslimu barabarani kwa ahadi kwamba "nitakufutia." Fedha hiyo haitaingia serikalini na deni lako litabaki pale pale. Ukishalipa, tunza ujumbe au stakabadhi, kisha baada ya siku chache fungua tena ukurasa uone kama deni limeondoka. Kama bado lipo, peleka stakabadhi yako ofisi ya trafiki.

Na kama kosa si lako? Usikubali kwa uchovu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa askari uwezo wa kukupa hati ya kosa, ukikubali ukalipa, mambo yakaisha. Lakini hailazimishi kukubali. Asiyekubali ana haki ya kwenda kujitetea mahakamani. Kabla ya kufika huko, nenda kwa mkuu wa trafiki ukiwa na hoja: siku hiyo gari lilikuwa gereji, na hii ni risiti ya fundi; au gari limetajwa kuwa Mwanza nalo halijavuka Chalinze. Huenda askari alikosea herufi moja. Huenda pia kuna mtu anayetembea na kibao cha bandia chenye namba yako, na hilo ni jambo la kuripoti upesi, maana leo ni faini, kesho laweza kuwa ujambazi.

Mambo mawili ya mwisho ya kuangalia. Kwanza, ukurasa huo wa polisi hauonyeshi kila deni. Ushuru wa maegesho ya mjini ni jambo jingine, unashughulikiwa na TARURA. Bima huhakikiwa katika kumbukumbu za mamlaka ya bima, TIRA. Mabasi ya abiria yana LATRA juu yao. Gari lisilo na deni kwa trafiki laweza kudaiwa huko kwingine. Pili, jihadhari na matapeli wanaotuma ujumbe kwamba unadaiwa, ulipe kwa namba ya simu ya mtu. Anuani za serikali yetu huishia na go.tz, na serikali haipokei faini kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Watu hulalamika kwamba faini ni nyingi, na wengine husema askari hujificha vichakani na tochi. Malalamiko hayo yana mahali pake, na yasemwe. Lakini anayelalamika akiwa na tarehe, mahali na kiasi mkononi husikilizwa kuliko anayelalamika kwa hasira tu. Kumbukumbu hizi askari anazo kila siku barabarani. Ni vizuri mwenye gari naye awe nazo. Jumapili jioni, gari likiwa limeegeshwa na hakuna haraka, iulize namba yako.