Kuifungua Karasha: Somo la Awali la Usanifu kwa Wanafunzi wa Uhandisi

Katika machimbo ya Nyarugusu, mkoani Geita, wachimbaji wadogo husaga mawe ya dhahabu kwa karasha, yaani pipa la chuma linalozunguka likiwa na gololi nzito ndani.

Mwanafunzi wa uhandisi anayeanza hujifunza mengi kwa kuifungua mashine hiyo, kupima kila sehemu na kuuliza kazi yake. Hata hivyo, anayenakili tu hunakili pia kasoro: vumbi lenye silika linaloharibu mapafu ya msagaji.

Hivyo, kabla ya kuchora mashine mpya, huandikwa mahitaji yanayopimika: kiasi cha mawe kwa saa, ulaini wa unga, mafuta yanayotumika na kiwango cha juu cha vumbi. "Mashine bora" si hitaji, kwa kuwa haipimiki.