Minnesota na hesabu ya kazi za kesho

Saa tisa alasiri ni saa ya kupokezana zamu katika nyumba za wazee za Brooklyn Park, mji ulio kaskazini mwa Minneapolis. Aliyeingia saa moja asubuhi anamkabidhi mwenzake: mzee wa chumba cha kwanza kala kidogo, mama wa chumba cha pili alianguka jana na asiachwe peke yake msalani, bwana wa mwisho kakataa dawa. Makabidhiano ni ya Kiingereza kwa sababu yanaandikwa. Yakishamalizika, wafanyakazi wanarudi kwenye lugha zao: Kiswahili, Ekegusii, Kisomali, Kiingereza cha Liberia. Zamu hii itaisha saa tano usiku, ila wapo watakaopiga dabo, yaani wataunganisha na ya usiku mpaka asubuhi. Hawa ndio tunaowaita wabeba boksi huku nyumbani. Wengi wao hawajawahi kubeba boksi hata moja. Wanabeba watu.

Ukitaka kujua kwa nini jamaa zetu wengi wameishia katika kazi hiyo na katika jimbo hilo, huna budi kuangalia hesabu ambayo serikali ya jimbo hupiga kila baada ya miaka michache: kazi zipi zitaongezeka, zipi zitapungua, na watu wangapi watahitajika. Nimekaa na hesabu hizo muda mrefu kuliko nilivyokusudia, na naona wengi wetu tunazisoma vibaya.

Kwanza jimbo lenyewe. Minnesota iko kaskazini ya kati ya Marekani, mpakani na Kanada. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 225,000, pungufu kidogo ya Uganda, lakini sensa ya 2020 ilikuta watu milioni 5.7 tu, takriban sehemu moja ya nane ya watu wa Uganda. Vibao vya magari vinajisifu kwa maziwa 10,000. Waliokwenda kuyahesabu walipata 11,842. Baridi yake haina mzaha: Februari 1996, katika kijiji cha Tower, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri. Zaidi ya nusu ya wakazi wamebanana katika wilaya saba zinazozunguka Minneapolis na Saint Paul, miji pacha iliyo kandokando ya mto Mississippi. Huko ndiko waliko Wasomali wengi kuliko mahali pengine popote Marekani, baadhi yao wakizungumza Kiswahili walichokiokota katika kambi ya Dadaab, Nairobi au Mombasa. Huko pia wako Wakenya, Wakisii wakiwa wengi mno hata mgeni anaweza kudhani amepotea njia akatokea Nyamira, kwao Kenya. Novemba 2024 wapiga kura wa Brooklyn Park na Osseo walimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kuingia bunge la jimbo.

Mpiga hesabu ni Idara ya Ajira na Maendeleo ya Uchumi, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake, DEED. Inaligawa jimbo katika mikoa sita, kisha inakadiria kazi za kila mkoa kwa miaka kumi ijayo, kuanzia daktari wa upasuaji hadi muosha vyombo. Inatoa pia orodha ya kazi zinazotafutwa wakati huu, kila moja ikiwa na nyota zake, mfano wa hoteli. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kufungua orodha hiyo kabla ya kuchagua chuo, na mkuu wa chuo anaitazama kabla ya kufungua au kufuta kozi. Njia ya kukokotoa inafanana na ile ya serikali kuu ya Washington, kwa hiyo nitatumia tarakimu za kitaifa kuonyesha namna hesabu inavyokwenda.

Makadirio yana safu mbili. Safu ya kwanza inasema kazi fulani itakua kwa kiasi gani. Safu ya pili inasema nafasi ngapi zitafunguka kila mwaka. Wengi hudhani ni kitu kimoja, kumbe safu ya pili inajumlisha makundi matatu: kazi mpya, wanaoacha kufanya kazi kabisa kwa uzee, maradhi au malezi, na wanaohama kwenda kazi nyingine.

Chukua keshia wa dukani. Makadirio ya 2023 hadi 2033 yanasema kazi hiyo itapungua kwa asilimia 11 Marekani nzima, kwa sababu mteja siku hizi anajipimia na kujilipia mwenyewe kwenye mashine. Hata hivyo zaidi ya nafasi 500,000 za keshia zitafunguka kila mwaka. Kazi inakufa, nafasi zinamiminika. Watu hawakai pale. Wanaingia Januari na kutoka Juni.

Sasa mgeukie fundi wa mitambo ya umeme wa upepo. Kwa asilimia, huyu ndiye bingwa: kazi yake itakua kwa asilimia 60 katika miaka hiyo kumi. Magharibi mwa Minnesota, kwenye mgongo wa ardhi uitwao Buffalo Ridge, mapangaboi meupe yamesimama mashambani hadi upeo wa macho, na sheria ya jimbo ya 2023 inataka umeme wote uwe usiotoa kaboni ifikapo 2040. Kijana akiona 60 hiyo anaweza kuuza ng'ombe aende kusoma. Lakini mafundi hao walikuwa kama 11,000 tu nchi nzima, na ongezeko lote la miaka kumi haliwafikishi 7,000 zaidi, kutoka Texas hadi mpaka wa Kanada. Asilimia kubwa ya kitu kidogo ni kitu kidogo.

Wasaidizi wa kutunza wazee na wagonjwa majumbani ndio wanaonishughulisha zaidi. Makadirio hayohayo yanawapa ongezeko la kazi 820,500 katika miaka kumi, kubwa kuliko la kazi nyingine yoyote nchini Marekani. Nafasi zitakazofunguka ni 718,900 kila mwaka. Gawanya ile ya kwanza kwa kumi, upate kama 82,000 kwa mwaka, halafu ilinganishe na ya pili. Katika kila nafasi tisa zinazotangazwa, nane hivi zimeachwa wazi na mtu aliyeondoka. Wazee wanaongezeka, ni kweli, ila sehemu kubwa ya pengo inatokana na kuondoka kwa wanaowatunza.

Kuongezeka kwa wazee hao nako si porojo. Marekani ilizaa sana kati ya 1946 na 1964, na wa mwisho katika kundi hilo watatimiza miaka 65 mwaka 2029. Wanatoka kazini kwa mkupuo, na nyuma yao waliozaliwa ni wachache. Minnesota imekwisha kuionja hali hiyo. Mwaka 2021 nafasi zilizokuwa wazi jimboni zilipita 200,000. Katikati ya 2022 idara ilitangaza ukosefu wa ajira wa asilimia 1.8, kiwango ambacho jimbo hilo halikuwahi kukifikia. Mabango ya kutafuta wafanyakazi yalibandikwa hadi kwenye madirisha ya vibanda vya baga, na baadhi ya migahawa ilifunga siku mbili kwa wiki kwa kukosa wapishi.

Mikoa yenyewe haifanani hata kidogo. Kusini mashariki, Rochester ni mji wa hospitali moja: Mayo Clinic. Mji una watu kama 121,000, na hospitali peke yake imeajiri hapo zaidi ya 40,000. Mwaka 2023 ilitangaza kutumia dola bilioni 5 kujenga upya makao yake, kwa hiyo mafundi bomba, umeme na zege nao wamepata msimu wao. Kaskazini mashariki ni nchi ya chuma. Mawe yanachimbwa, yanasagwa, yanaviringishwa kuwa gololi na kupakiwa melini Duluth. Mishahara ni mizuri lakini ajira inapanda na kushuka na bei ya chuma, na mchimbaji anaweza kurudishwa nyumbani miezi kadhaa kisha akaitwa tena. Kusini kuna viwanda vya nyama, nguruwe na bata mzinga (hakuna jimbo linalofuga bata mzinga wengi kuliko Minnesota), na bila wahamiaji mashine zingesimama. Madereva wa malori nao wanahitajika kila mkoa. Marekani nzima makadirio hayohayo yanawapa nafasi 240,000 kwa mwaka, japo kazi yenyewe itakua kwa asilimia 5 tu. Soma safu zote mbili hapo pia.

Turudi kwa wazee. Wasaidizi wao wa majumbani ni zaidi ya 100,000 Minnesota, na hakuna kazi nyingine jimboni yenye watu wengi kama hiyo. Njia ya kuingilia ni fupi, na ndiyo maana wenzetu wengi wamepitia hapo. Anayetaka kufanya kazi katika nyumba ya uuguzi wa wazee husomea cheti cha CNA, muuguzi msaidizi, ambacho sheria ya nchi inadai kiwe na saa zisizopungua 75 za mafunzo. Kisha anakabiliwa na mtihani wa maandishi na wa vitendo. Ule wa vitendo unaanza na kunawa mikono, na wapo wanaoanguka hapohapo. Anaweza kuambiwa amhamishe mtu kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Ajitambulishe, aeleze anachotaka kufanya, avute pazia, amvalishe viatu visivyoteleza, amfunge mkanda kiunoni juu ya nguo, ahesabu moja mbili tatu, amwinue kwa nguvu za miguu na si za mgongo. Akisahau kufunga breki za kiti, amefeli, hata kama mengine yote ameyafanya kama malaika.

Malipo? Mei 2023 nusu ya wasaidizi wa majumbani Marekani walikuwa wanapata chini ya dola 33,530 kwa mwaka. Wauguzi wasaidizi, 38,200. Nesi aliyesajiliwa, 86,070. Ukizidisha kwa shilingi, zote tatu zinaonekana utajiri. Ila kodi ya nyumba hailipwi kwa shilingi, wala gari ambalo bila hilo hufiki kazini Januari, barabara ikiwa kioo cha barafu. Hapo ndipo dabo inapozaliwa. Bunge la jimbo liliona tatizo, na mwaka 2023 likaunda bodi maalumu ya kupanga viwango vya kazi katika nyumba za uuguzi wa wazee, mshahara ukiwamo, jambo ambalo majimbo mengi hayajathubutu.

Tofauti kati ya 38,200 na 86,070 ndiyo inayoeleza maisha ya jumuiya yetu kule. Anayeosha wazee usiku na kusoma unesi mchana ni mtu wa kawaida Brooklyn Park. Karibu kila ukoo unaye. Wanaanza na CNA, wanapanda kuwa LPN, nesi wa ngazi ya kati, halafu wanasajiliwa. Tangu 2024 vyuo vya umma havitozi ada kwa mwanafunzi mkazi wa jimbo ambaye familia yake inapata chini ya dola 80,000 kwa mwaka, na hilo limewafungulia wengi ngazi. Kwa hiyo wanapoondoka kitandani pa mzee na kuingia darasani, wanahesabiwa katika safu ya pili kama waliohama kazi, na nafasi waliyoiacha inatangazwa kwa mgeni anayefuata. Tarakimu ile kubwa ina jasho lao ndani yake, na kwa hao, kuondoka ndiko kufanikiwa.

Kuna jambo moja lisiloonekana katika safu yoyote. Makadirio ya ajira hayatoi viza. Idara inayohesabu kazi Saint Paul haina usemi kwa afisa wa dirishani kwenye ubalozi wa Dar es Salaam au Nairobi. Nesi aliyesajiliwa yumo katika orodha ya kazi ambazo mwajiri hadaiwi kuthibitisha kwanza kwamba amekosa Mmarekani. Msaidizi wa wazee hayumo. Yeye huangukia kundi la wafanyakazi wasiohitaji mafunzo marefu, na kundi hilo lina viza za ukaazi zisizozidi 10,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, mke, mume na watoto wakihesabiwa humohumo. Januari 2025 hata mpango wa kupokea wakimbizi, uliowafikisha Wakongo na Warundi wengi Marekani, ulisimamishwa.

Basi ndugu msomaji, akikujia wakala na karatasi ya rangi, akakuambia Marekani inahitaji watunza wazee 718,900 kila mwaka na kwamba nafasi yako inasubiri malipo ya kwanza tu, usibishane naye juu ya tarakimu hiyo, maana ni ya kweli. Mwulize katika zile viza 10,000 yako ni ya ngapi, na usifungue pochi mpaka akujibu kwa maandishi.