Chema chajiuza? Waulizeni watu wa Boise

WAHENGA walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mama anayevusha bidhaa zake Kobero kila wiki anajua kwamba nyanya nzuri iliyofichwa chini ya meza huoza kama ile mbaya. Mnunuzi hanunui asichokiona.

Leo, ndugu msomaji, tuchukue mfano kutoka mbali, ingawa si mbali sana kwa baadhi ya familia zetu. Marekani ilipoanza, mnamo mwaka 2007, kuwapokea kwa wingi Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kuishi makambini Tanzania, mji wa Boise, makao makuu ya jimbo la Idaho, ulikuwa miongoni mwa miji iliyowapa makazi. Ukimpigia simu ndugu yako aliyeko huko, atakulalamikia baridi, kisha atakusimulia juu ya uwanja wa bluu.

Uwanja huo ni wa Chuo Kikuu cha Boise State. Mpira unaochezwa hapo si kandanda tuliyoizoea. Ni ule wa Kimarekani, wa kubeba mpira mikononi na kuvaa kofia ngumu. Kwa Wamarekani, timu za vyuo vikuu zina mashabiki kama Simba na Yanga kule Dar es Salaam.

Boise State haikuzaliwa kubwa. Ilianza mwaka 1932 kama chuo kidogo cha miaka miwili, ikapata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1974, na timu yake ikapanda daraja la juu mwaka 1996 tu. Nani angeifahamu nje ya Idaho?

Televisheni ndiyo iliyoitambulisha. Kwa miaka mingi chama cha michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichoamua mechi zipi zionyeshwe, na kilizibana zisizidi idadi fulani kwa hofu kwamba watu wangebaki nyumbani na viwanja vikawa vitupu. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vikaenda mahakamani. Juni 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba kuhodhi huko kunavunja sheria ya ushindani. Tangu hapo soko likawa huria, na kila mmoja akatafuta meza yake.

Boise State walifanya mambo mawili. La kwanza, mwaka 1986 walitandika nyasi bandia za rangi ya bluu badala ya kijani. Wengi walicheka. Lakini mtu anayebadilisha chaneli usiku akikuta uwanja wa bluu, kidole chake husita, na akishasita ameshaliona jina la chuo.

La pili, walikubali kucheza siku ambazo wakubwa hawazitaki. Jumamosi ndiyo siku ya vyuo vyenye majina, na mdogo akienda siku hiyo anamezwa. Boise State wakakubali mechi za usiku katikati ya wiki, wakati kituo cha ESPN kilipohitaji kitu cha kuonyesha. Septemba 3, 2009, kwa mfano, waliifunga Oregon 19-8, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mfanyabiashara mdogo anaelewa ujanja huu: nenda gulio la siku ambayo matajiri wamelala.

Kabla ya hapo walikuwa wameshapata bahati waliyoifanyia kazi. Januari 1, 2007, katika mechi ya Fiesta Bowl kule Arizona, walikutana na Oklahoma, bingwa wa taifa mara saba, chuo kilekile kilichofungua soko mahakamani. Sekunde chache kabla ya mwisho Boise walikuwa nyuma kwa pointi 7. Wakasawazisha, na katika muda wa nyongeza wakashinda 43-42 kwa mbinu ya kumzubaisha adui. Aliyefunga pointi za ushindi, Ian Johnson, akapiga goti palepale kumchumbia msichana wake mbele ya kamera. Nchi nzima ikauliza: Boise ni wapi?

Tangazo gani la kulipia lingeweza kufanya hivyo? Katika mechi zinazoonyeshwa, kwa kawaida kila chuo hupewa nafasi ya nusu dakika kujitangaza: maabara, walimu, wanafunzi wenye tabasamu. Lakini tangazo kubwa ni mechi yenyewe. Wachumi wawili ndugu, Devin na Jaren Pope, walichapisha utafiti mwaka 2009 wakaonyesha kwamba timu ikimaliza msimu katika 20 bora, maombi ya kujiunga na chuo chake huongezeka kwa asilimia 2 hadi 8. Si muujiza, lakini kwa chuo ni fomu nyingi.

Sisi tuliosomea ugenini tunaielewa hesabu hii. Unarudi nyumbani na cheti cha shule ya makazi ya wakimbizi, unakiweka mezani, na bosi anauliza: "Hii shule iko wapi?" Alama ni nzuri, ila jina halimwambii kitu. Kijana wa Idaho mwenye shahada ya uhasibu, ambaye hajawahi kugusa mpira, leo haulizwi swali hilo. Jina la chuo lina thamani, na thamani hiyo humfuata mhitimu hadi anapostaafu.

Hata hivyo, anayekupa meza ndiye anayepanga siku ya soko. Mechi ya Alhamisi ugenini maana yake ni mwanafunzi yuko kwenye ndege wakati wenzake wako darasani. Kama mwalimu, hilo siwezi kulipita kimya.

Tena dalali huyu hana ujirani. Agosti 2022 ligi ya vyuo ya Big Ten ilitia saini mkataba na Fox, CBS na NBC ulioripotiwa kuzidi dola bilioni 7 kwa miaka saba. Kufikia mwaka uliofuata ligi ya Pac-12 ya pwani ya magharibi, ambayo haikupata mkataba wa kuridhisha, ilikuwa imekimbiwa na wanachama 10 kati ya 12. Ujirani wa miongo mingi ukavunjika. Septemba 2024 Boise State nao wakatangaza kuwa watajiunga na Pac-12 inayojengwa upya, kuanzia mwaka 2026.

Na aliyebeba mzigo je? Wachezaji walipewa ufadhili wa masomo, lakini hadi Juni 2021 hawakuruhusiwa hata kuuza sahihi zao. Kuanzia Julai 1, 2021 waliruhusiwa kunufaika na majina yao. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Huyo Johnson aliyepiga goti mwaka 2007 alicheza zamani za ufadhili tu. Wengine waliuza matangazo kwa jasho lake.

Kwa hiyo wahenga hawakukosea, ila chema nacho huhitaji kutolewa mezani. Ndugu mfanyabiashara, jitangaze, hata kwa rangi ya bluu watu wakicheka. Lakini kabla ya kusaini na mwenye meza, muulize nani anapanga siku, na fedha zikiingia, kijana anayekubebea magunia atapata nini. Wamarekani waliahirisha swali hilo la mwisho kwa miaka mingi, hadi wakajibishwa na mahakama.