Nani Anamlipa Anayemgeuza Mzee?

Mzee aliyepooza baada ya kiharusi anahitaji kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Asipogeuzwa, damu haifiki vizuri kwenye ngozi ya makalio na visigino. Ngozi hubadilika rangi, ikachubuka, na kidonda kikaweza kuchimba hadi mfupani. Kinga yake kubwa ni mikono ya mtu aliye karibu.

Mtu huyo mara nyingi ni binti au mkaza mwana. Ameacha kibanda chake cha mboga, na mapato aliyopoteza hayaandikwi popote. Kidonda kikiharibika, ndipo gharama zinapoonekana: gari la kukodi hadi hospitali ya kaunti, dawa, bandeji, na chakula cha anayelala na mgonjwa. Mbuzi wanauzwa, harambee inaitishwa, na pesa hiyo yote inaondoka kijijini.

Kenya imeanza kuziba pengo hili, ingawa nusunusu. Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini huishia dukani kwa jirani, kwenye unga, sabuni na maziwa. Kisha kuna wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliokabidhiwa mikoba ya kazi Septemba 2023, yenye kipimo cha presha na cha sukari. Hapa ndipo pesa nyingi inapookolewa, maana presha ikigunduliwa nyumbani na dawa zikamezwa ipasavyo, hatari ya kiharusi hupungua sana.

Lakini mhudumu hupita nyumba nyingi, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Hawezi kukesha na mgonjwa. Anayekesha halipwi.

Katika majimbo mengi ya Marekani, mpango wa serikali wa Medicaid unaweza kumlipa hata mwanafamilia anayemtunza mzee wake. Wakenya wengi wanaishi huko kwa ujira wa kutunza wazee, kazi ileile ambayo dada zao huku wanaifanya bure.

Kaunti zianze na wazee wasioweza kuinuka: mafunzo mafupi, glavu, na posho kwa anayewageuza. Wawakilishi wa wadi wanapojadili bajeti, waulizwe fungu hilo liko wapi.