Tulinde Pikipiki Zetu Usiku

Kazi ya bodaboda ilianza kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia katika miaka ya 1960. Leo ni pikipiki, na hapa Kampala kila dereva ana jamaa wanaokula kwa jasho lake. Wengi wetu hatukununua pikipiki kwa fedha taslimu. Tumekopa, na mkopeshaji anashikilia kadi mpaka deni liishe. Pikipiki ikiibiwa na haina bima ya wizi, kazi imekwisha lakini deni lipo pale pale.

Mwenzetu mmoja wa steji alifunga usukani, akaweka ufunguo chini ya mto, akalala. Alfajiri alikuta mahali patupu. Ufunguo ulikuwa ungali chini ya mto.

Kosa lake ni letu sote, maana tunadhani mwizi anahitaji ufunguo. Mwizi wa usiku haji kuendesha, huja kubeba. Pikipiki nyingi za kazi zina uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi. Watu watatu au wanne huiinua na kuipakia garini bila kuwasha injini. Kufuli ya usukani nayo huvunjika usukani ukizungushwa kwa nguvu.

Kwa hiyo hatuna budi kuifunga pikipiki kwenye kitu kisichobebeka. Chimba shimo, mimina zege, na uzamishe ndani yake nondo nene iliyokunjwa kama pete, miguu yake ikitanuliwa ili isichomoke. Pitisha mnyororo katika pete hiyo na katika fremu na gurudumu la nyuma. Usifunge gurudumu la mbele peke yake, kwani mwizi hulifungua kwa spana akakuachia hilo tu. Mnyororo usilale chini, maana sakafu humpa mwizi mahali pa kuegemeza mkasi wa chuma au kupigia nyundo. Mnyororo mwembamba hukatwa mara moja, lakini ule wa chuma kigumu chenye unene wa milimita 16 huishinda mikasi ya mkono. Kufuli nayo iwe imara vile vile.

Wengine huingiza pikipiki chumbani wanamolala na watoto. Hatuwalaumu, chumba ni kimoja. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa au kibatari. Zima moto kwanza, funga koki ya petroli, na usiwashe injini ndani hata kidogo. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Bora zaidi ni kushirikiana. Wapangaji wa ua mmoja wachange saruji na nondo, kisha waende pamoja kwa mwenye nyumba kuomba ruhusa ya kujenga pete, pamoja na taa na lango linalofungwa. Mpangaji mmoja hupuuzwa kwa urahisi, watano husikilizwa.

Tena, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika nambari ya fremu na ya injini, uweke nakala nyumbani na nyingine kwa mwenyekiti wa steji. Pikipiki ikiibiwa, toa taarifa polisi na kwa mwenyekiti wa LC 1 mara moja, na steji zote za jirani zipewe habari.

Ukisikia wezi uani, piga kelele, usitoke peke yako. Pikipiki hununuliwa tena, roho hainunuliwi. Na mwizi akikamatwa, tumkabidhi polisi akiwa hai. Kumpiga mpaka afe ni uuaji, na dereva atakayefungwa kwa kosa hilo atakuwa amepoteza zaidi ya pikipiki.

Tunaomba kila steji ihesabu wanachama wasio na pete wala mnyororo, na ianze kuwasaidia kwa mchango. Umoja ni nguvu.