Taarifa Zako Binafsi na Ulinzi Uliowekwa na Sheria

Jina lako, namba ya simu, namba ya Kitambulisho cha Taifa, alama za vidole na hali ya afya yako ni taarifa binafsi. Mkazi wa Liparamba huzitoa mara nyingi kuliko anavyodhani: anaposajili laini, anapotoa fedha kwa wakala, anapotibiwa zahanati au anapoomba mkopo kwa simu.

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Hata hivyo, kwa miaka mingi ulinzi huo ulitawanyika katika sheria mbalimbali, ikiwemo ile ya mawasiliano ya kielektroniki ya mwaka 2010. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, imeweka masharti hayo mahali pamoja na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa tarehe 3 Aprili, 2024.

Haki zako

Anayekusanya taarifa zako anawajibika kukueleza, kabla ya kuzichukua, anazitaka kwa kusudi gani. Hatakiwi kuchukua zaidi ya zinazohitajika kwa kusudi hilo, wala kuzitumia kwa jambo jingine kinyume cha sheria. Una haki ya kujua taarifa zako zilizohifadhiwa, kutaka zenye makosa zirekebishwe, na kukataa zisitumike kukutangazia biashara. Taarifa nyeti, kama za afya, zina ulinzi mkubwa zaidi.

Mikopo ya simu

Eneo linaloumiza wananchi wengi ni mikopo ya mtandaoni. Baadhi ya programu huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina yaliyomo katika simu. Mkopaji akichelewa kulipa, ujumbe wa kumfedhehesha hupelekwa kwa wakwe, majirani na hata mnunuzi wa mazao yake. Mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo bila leseni.

Ieleweke kwamba kukopa si kuuza heshima yako. Vilevile, ruhusa uliyoitoa wewe si ruhusa ya watu waliomo katika simu yako. Nao ni wahusika wa taarifa zao na wanaweza kulalamika kwa majina yao wenyewe. Hata hivyo, malalamiko hayafuti deni halali. Deni hudaiwa kwa njia za kisheria, si kwa kumtangaza mdaiwa.

Tunakushauri ufanye yafuatayo

1. Kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Programu ikitaka kusoma majina au picha zako, ikatae.

2. Unaposajili laini, ukitakiwa kuweka kidole mara ya pili, uliza sababu. Kisha piga *106# ili kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho. Ukikuta usiyoitambua, iripoti kwa mtoa huduma mara moja.

3. Usimwachie wakala namba yako ya siri, hata kama macho hayaoni vizuri au mtandao unasumbua. Mwombe ndugu unayemwamini akusaidie.

4. Ujumbe wa utapeli utume kwenda namba 15040 bila malipo, pamoja na namba iliyoutuma.

5. Taarifa zako zikitumika vibaya, usifute ujumbe. Hifadhi tarehe, namba na maneno yaliyotumika. Mwandikie kwanza aliyekusanya taarifa, ukimtaka aache. Asipotekeleza, wasilisha malalamiko kwa Tume, ambayo ina mamlaka ya kuchunguza, kuamuru ukiukaji usitishwe na kutoza faini. Aliyepata madhara anaweza pia kudai fidia.

Umbali kutoka Liparamba hadi Dodoma ni mkubwa, lakini haki ya mkazi wa huku si pungufu kuliko ya mkazi wa mjini. Kabla ya kutaja namba yako au kuweka kidole, uliza: inahitajika kwa kazi gani, na nani mwingine ataiona? Sheria imekupa haki ya kujibiwa.