Mganga Hajigangi, Nani Basi Atamganga?

Wahenga walinena kuwa mganga hajigangi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkejeli mjuzi aliyeshindwa kujifaa. Jumapili moja hivi majuzi ilinijia kwa maana nyingine kabisa.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni daktari anayesomea ubingwa wa magonjwa ya akili jijini Nairobi. Siku hiyo alikuja kwetu kwa chakula cha mchana akitoka zamu ya usiku. Kitinda mimba wangu, ampendaye mno, akaanza kumsimulia visa vya shuleni. Mpwa wangu aliitikia kwa kichwa, kisha akaninong’oneza: “Mjomba, namsikia, ila siwezi kumsikiliza. Masikio yamejaa.”

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa isimu tofauti ya vitenzi hivyo viwili. Kusikia ni kazi ya sikio. Kusikiliza ni kazi ya nia. Kamwe sikuwahi kupata mfano uliozidi huo.

Masomo yenyewe huchukua si chini ya miaka mitatu. Asubuhi ni kuzungukia wodi na wakufunzi, mchana kliniki, jioni vitabu na tasnifu. Usiku wa zamu huletwa mgonjwa ambaye jamaa zake wamemfunga kamba kwa hofu. Wala mgonjwa haji na jina la maradhi lililo kitabuni. Huja akisema kichwa chawaka moto, moyo wamwenda mbio, au mawazo yamemzidi. Huyu asema Kikamba, yule Sheng. Daktari sharti ayaandike yote kwa Kiingereza katika faili bila kuipoteza maana. Kunapokucha, mhadhara unamngoja.

Mpasuaji ana kisu, na kisu kikiwa butu hunolewa. Daktari wa akili hana darubini ya kuionea huzuni. Chombo chake ni akili yake mwenyewe. Ikichoka, sentensi moja humpita, na huenda sentensi hiyo ndiyo ya mtu aliyekusudia kujitoa uhai.

Wapo watakaosema kuwa wao walisoma vivyo hivyo wakavumilia. Wengine watauliza, kwa hoja nzito zaidi: wagonjwa ni tele na madaktari ni wachache, sasa huyo akilala, nani atashika zamu? Hoja hii siipuuzi. Mwaka 2020 jopokazi la kitaifa lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Lakini je, mwenye ng’ombe mmoja wa maziwa humkamua hadi damu kwa kuwa watoto ni wengi? Uchache wa madaktari hawa ndio sababu ya kuwatunza.

Nchini Marekani, tangu 2003, madaktari walio mafunzoni wamewekewa kikomo cha saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa majuma manne. Ni saa nyingi mno, ila angalau mpaka upo. Nasi tuuweke wetu, na tuufuate. Anayekesha zamuni aachiwe kesho yake alale, asiitwe darasani. Tena apewe mahali pa kuyatua aliyoyasikia, bila kuhesabiwa kuwa dhaifu. Hayo si anasa. Ni sehemu ya matibabu ya mgonjwa.

Lugha yetu ililijua jambo hili zamani. Neno kupumzika lina mzizi mmoja na pumzi na kupumua. Amnyimaye mtu mapumziko amemnyima pumzi.

Nilipogeuka kumjibu mpwa wangu, usingizi ulikuwa umemchukua kitini, sahani ikiwa haijaguswa. Binti yangu alimfunika leso, akaketi kando yake kimya. Visa vya shuleni vilingoja. Wagonjwa wa kesho yake hawangengoja.